Malta Si ya Chupa

Ndinda aliposema amepata kazi Malta, Ojwang, fundi wa kuchomelea vyuma aliyepakana na kibanda cha baba yake, aliuliza kama atakuwa anaipakia kwenye kreti au anaionja. Hakukosea sana. Kwa watu wa Kawangware 46, Malta ilikuwa ile soda ya chupa isiyolevya, nyeusi na tamu, ambayo wazee wa kanisa huishika harusini ili nao wasikae mikono mitupu mbele ya wanywaji. Hata Muema, baba mtu, hakujua kwamba ni nchi. Lakini Muema hakuumbwa kukiri kuwa jambo limempita. Alitikisa kichwa polepole kama mtu aliyewahi kulala huko siku mbili tatu, akaendelea kupiga randa ubao wake.

Muema alikuwa fundi wa vitanda, na vitanda vyake vilikuwa imara kuliko ndoa nyingi za wateja wake. Alikuwa pia mzee wa kanisa, mwenye sauti isiyohitaji kipaza. Tabia yake ilijulikana na wote: hukata kauli kwanza, sababu huzitafuta baadaye, na kwa kawaida huzipata. Kathini, mkewe, alikuwa amejifunza kumwacha azitafute mpaka achoke mwenyewe.

Ndinda alikuwa mtoto wao wa pekee, na alikuwa amesomea kazi ya kutunza wazee. Huko Malta kulikuwa na ajuza mmoja, Karmena, aliyeishi na mjukuu wake Marlene, na kazi ya Marlene ilimtoa nyumbani kutwa nzima. Wamezungumza na Ndinda kwa simu mara nyingi, wamempenda, wamemchukua. Mkataba ulikuwa tayari, viza tayari, tiketi tayari. Kilichobaki ni baraka za baba, na Ndinda alisema wazi kwamba bila hizo hapandi ndege. Si kwamba aliogopa laana. Hakutaka tu kutoka nyumbani kama mtu aliyetoroka.

Basi akaanza kumlainisha mzee. Kila jioni, chai ikimiminwa, alimwekea baba yake kitu kipya cha Malta mezani. Alianza na ukubwa: nchi nzima, na bendera yake na bunge lake, haifiki nusu ya kaunti ya Nairobi. Muema akacheka, akasema basi rais wao anaweza kuizunguka nchi kwa baiskeli na kurudi kabla ugali haujapoa. Akamwambia kwamba walitawaliwa na Mwingereza huyuhuyu wetu, wakapata uhuru mwaka uliofuata wa kwetu, na mpaka leo magari yao yanashika kushoto. Muema akasema kumbe hao ni wadogo zetu, na wadogo lazima wachungwe.

Akamwambia pia kwamba kuna mahekalu ya mawe huko yaliyojengwa kabla ya piramidi za Misri, mpaka watu wa zamani wakasema ni kazi ya majitu. Akamwambia kwamba katika vita vikuu vya pili kisiwa kilipigwa mabomu hadi mfalme wa Uingereza akakitunuku nishani kisiwa kizima, watu wote na mbuzi wao. Bomu moja lilitoboa kuba la kanisa watu wamejaa ndani wakingoja misa, likaanguka katikati yao, likalala pale bila kulipuka. Muema aliweka kikombe chini, akataka lile la bomu lirudiwe tangu mwanzo. Jumapili alilisimulia kanisani kwa namna ambayo mgeni angedhani alikuwa ameketi benchi la mbele.

Lakini kilichomkamata kabisa ni saa. Ndinda alisema makanisa mengi ya kule yana saa mbili za ukutani upande wa mbele, moja husema kweli na nyingine husema uongo, na wenyeji husimulia kwamba ile ya uongo ni ya kumchanganya shetani asijue ibada inaanza lini. Muema alicheka mpaka akajifuta machozi. Akasema kanisa lao halina haja na saa ya uongo, kwa sababu shetani akifika saa iliyotangazwa atakaa peke yake mpaka achoke kungoja watu. Siku mbili nzima kila mteja wa kitanda alipewa habari ya zile saa, atake asitake.

Ndinda aliona mzee amekaribia kuiva. Hata aliposema kwamba chakula wanachojivunia ni mchuzi wa sungura, na Kathini akasema yeye atabaki na maharagwe yake, Muema alimtetea sungura.

Kilichoharibu mambo ni sauti. Karmena alijua Kiingereza kidogo na Marlene alikijua vizuri, maana Malta husema lugha zote mbili, lakini yule ajuza alishikilia kwamba msichana atakayemwosha nywele lazima ajue maneno machache ya kwao. Akawa anamtumia Ndinda masomo ya sauti kwa WhatsApp. Mchana mmoja Ndinda alimletea baba yake chakula kibandani, na baba akila, yeye akakaa kwenye kitanda kisichopakwa vanishi, akawa anayafungulia masomo kwenye simu na kuyarudia kwa sauti.

Muema aliposikia neno "randan" alidhani wanaisifu randa yake, akafurahi. Kisha akasikia yule bibi wa Malta anahesabu. Namba nyingi hazikumwambia kitu, ila ghafla akasikia "sitta", akasikia "seba", akasikia "disa". Akaacha kutafuna. Bibi akaendelea: mia alisema "mija", elfu alisema "elf". Zikafuata siku za kunywa dawa, na siku zenyewe zilikuwa "hamis" na "jima". Mwisho bibi akamwombea msichana wake heri, na katika heri hiyo Muema akasikia, waziwazi, "Alla".

Akauliza Randan ni nini. Ndinda, ambaye hakuona shimo lililo mbele yake, alieleza kwa furaha kwamba ndiyo Kwaresima. Watu wa Malta ni Wakatoliki wa kufa na kupona, alisema, lakini lugha yao ni binamu wa Kiarabu iliyoandikwa kwa herufi zetu hizi, kwa hiyo Kwaresima wanaiita Randan, ndugu wa Ramadhani, na Mungu wanamwita Alla. Aliona ni jambo tamu kuliko yote aliyowahi kumletea.

"Ndinda," Muema akasema, "hiyo ni Uarabuni."

"Baba, ni Ulaya. Si nilikuonyesha kwa ramani?"

"Ramani imechorwa na mtu. Masikio yangu hayakuchorwa na mtu. Umeuziwa Uarabuni kwa jina la Malta, na huendi."

Asicheke mtu kabla ya kujua Muema alichokuwa anakiona kichwani. Katika ploti waliyopanga kulikuwa na msichana aitwaye Nafuna, mtu wa Bungoma, aliyepelekwa Ghuba na ajenti kwa ahadi ya kazi ya hoteli. Alipofika hapakuwa na hoteli, palikuwa na nyumba ya mtu, na pasipoti yake ikafungiwa kabatini. Alirudi amekonda, na mpaka leo mlango ukigongwa kwa nguvu hushtuka. Muema ndiye aliyemtengenezea kitanda aliporudi. Nafuna aliomba kitanda chembamba, cha kuegemea ukuta, ili alale akiutazama mlango. Muema alikitengeneza, na tangu siku hiyo hakutaka kusikia neno ajenti.

Kwa hiyo kila alichoonyesha Ndinda, mkataba, picha za Marlene, picha za makanisa, baba alisema Nafuna naye alionyeshwa picha. Safari ilikuwa wiki iliyofuata. Ndinda alilia, kisha akasema kwa utulivu uliomuumiza Kathini kuliko kilio kwamba atampigia Marlene amtafute mtu mwingine, lakini atangoja mpaka Jumapili.

Muema, kwa kawaida yake, alikuwa amekata kauli na sasa alihitaji shahidi. Akamwambia Ndinda amtumie kwenye simu yake ile sauti ya bibi iliyo ndefu kuliko zote, ambayo Marlene alikuwa hajaifasiri bado. Asubuhi akafunga kibanda, akavuka Ngong Road kwa miguu, akashika njia ya Kibera. Aliijua Kibera. Alipofika kutoka Machakos akiwa kijana alipanga humo, mtaa wa Kisumu Ndogo, kwenye chumba kilichonuka omena hata siku ambazo hakuna aliyepika omena, na mteja wake wa kwanza wa maana alikuwa Hajat Zamzam wa Makina, Mnubi, mwalimu wa madrasa, mwanamke aliyejua Kiarabu na kujua pia kitanda kibaya akikitazama.

Hajat alimkaribisha kwa chai ya tangawizi, akauliza habari za Kathini na za mgongo wake. Muema akatoa simu. Akaeleza kwamba binti yake anataka kuibwa na kwamba ushahidi uko humu ndani.

Hajat aliisikiliza ile sauti yote macho amefumba. Akaomba irudiwe. Mara ya pili alianza kutabasamu.

"Fundi, hiki si Kiarabu," akasema. "Ni kama mtu wa ukoo wetu aliyehama kitambo. Uso naujua, lakini nguo alizovaa sizijui."

Muema akamwambia asimtetee, maana yeye mwenyewe alisikia elfu na Alhamisi kwa masikio yake. Hajat akamimina chai tena bila haraka.

"Fellowship yenu ni siku gani?"

"Alhamisi."

"Mkikutana mnafungua nini?"

"Kitabu."

"Na mnaomba nini?"

Muema, ambaye hakuwahi kukataa kuulizwa habari za maombi, alitaja: amani, baraka, rehema, afya, riziki.

"Hayo yote ni maneno ya Kiarabu, Fundi. Hata hizo sita na saba unazopimia mbao kila siku. Sasa wewe ulienda Uarabuni lini, na ulirudi lini?"

Hajat hakumcheka. Alisema hofu yake anaielewa, kwa sababu mtoto wa dada yake naye alienda Ghuba, Mwislamu kwa Waislamu, akisema lugha yao na kusali nao, na bado walimtesa. Ubaya hauna lugha, alisema. Kama anataka kumjua huyu bibi, asikilize anachosema, asisikilize kinavyosikika.

Wakairudia mara ya tatu, Hajat akiokota neno moja moja kama mtu anayechambua mchele. "Bahar" ilikuwa bahari, hiyo hata mtoto angeijua. "Nar" ni moto. "Id" ni mkono. Kuna "lifa", nalo alilipigia mahesabu kidogo, akasema linafanana na neno la Kiarabu la nyoka, tena si nyoka wa kawaida, ni yule mwenye sumu. Na kuna jina la mtu linalorudiwarudiwa, Pawl.

"Bahari, moto, mkono, nyoka mwenye sumu," Hajat akahesabu kwa vidole. "Na mtu anaitwa Pawl. Mimi nimefika mwisho. Hiyo hadithi siijui."

Muema aliijua. Aliijua sana, mpaka alisimama bila kukusudia. Ilikuwa Mtume Paulo, meli imevunjika, mvua inanyesha, baridi inauma, na wenyeji wa kisiwa wamewawashia moto watu wasiowajua. Paulo anaokota kuni, nyoka anatoka kwa sababu ya joto, anamng'ang'ania mkononi, naye anamkung'utia motoni na hapati dhara. Muema alikuwa ameihubiri habari hiyo miaka nenda miaka rudi. Na kisiwa chenyewe, katika Kiswahili alichokisoma tangu utotoni, kiliitwa Melita.

Melita, Malta. Hakuwahi hata siku moja kujiuliza Melita iko wapi. Aliiweka pamoja na Edeni, mahali ambapo mtu hakati tiketi. Sasa alisimama katikati ya chumba cha Hajat Zamzam akiisimulia kwa sauti yake ya kanisani, mikono hewani, akimkung'uta nyoka, mpaka mwanamke aliyekuwa akiuza mahamri nje alichungulia dirishani kuona ni nani anayegombana na Hajat.

Alirudi Kawangware akitembea kama mtu mwenye habari. Ndinda alipoambiwa alishika kichwa. Alijua kwamba Malta wana sikukuu kila Februari ya kukumbuka meli ya Paulo iliyovunjika, na alikuwa ameiacha iwe ya mwisho, kitamutamu cha kufungia mazungumzo, bila kujua kwamba ingemaliza kesi tangu siku ya kwanza. Muema alifurahia sana habari hiyo. Nchi nzima inafunga kazi kushukuru kwa ajali, alisema, hao ni watu wanaojua kuhesabu baraka zao. Ojwang aliitwa akahubiriwa upya, na mashine yake ya kuchomelea ikapumzika kwa lazima.

Basi kila mtu akadhani yamekwisha. Lakini Ndinda alipouliza, baba alisema bado anafikiria. Siku ya pili alisema kule kuna baridi, yeye mwenyewe amehubiri baridi ya pale. Siku ya tatu alimgeuka hata sungura.

Kathini aliweka mwiko chini.

"Baba Ndinda, sababu zimekwisha," akasema. "Sasa sema ile ya kweli."

Muema alitoka akaenda kibandani kupiga msasa ubao ambao tayari ulikuwa laini. Ile ya kweli ilikuwa fupi na ilimtia aibu: hakutaka nyumba inyamaze. Alimpenda mtoto wake, na hakujua jioni zake zitakuwaje bila yule mtu wa kumletea kitu kipya mezani. Mzee wa kanisa atamwambiaje bintiye kwamba asiende kutafuta maisha kwa sababu chai itakosa ladha?

Jumapili, baada ya ibada, simu ya Ndinda iliita, nayo ilikuwa ya picha. Alidhani ndiyo saa ya kumwambia Marlene akatafute mtu mwingine. Lakini kwenye kioo alikuwa Karmena mwenyewe, kichwa cheupe, miwani mikubwa, na nyuma yake Marlene. Karmena alisema hakumpigia msichana leo, anamtaka baba.

Muema alivaa koti tena, akakaa wima mbele ya simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai. Wakatazamana. Kiingereza cha mmoja kilikuwa na kutu na cha mwingine hakikuwa kirefu, na hakuna aliyejua pa kuanzia. Muema alikohoa, akasema, "Sita."

"Sitta," Karmena akajibu.

"Saba."

"Seba."

"Nane," Muema akasema, lakini bibi akasema neno jingine kabisa, na wote wawili wakakwama kama watu waliokosa ngazi gizani. Muema akajaribu tisa, bibi akarudi na disa, na hapo wakacheka pamoja, wakaridhika kwamba nane ndiyo pekee iliyopotea njiani.

Kisha Karmena akawa na uso mwingine. Alizungumza kwa lugha yake, Marlene akaitia katika Kiingereza, Ndinda akaileta kwa Kiswahili, akianza kwa sauti ya kawaida. Alisema amemdadisi msichana kwenye masomo mpaka akamwambia kwamba baba hataki. Muema alianza na baridi, akajaribu umbali, lakini bibi aliinua mkono akamnyamazisha, jambo ambalo hata mchungaji wake hakuwahi kuliweza.

Alisema alikuwa na dada mkubwa, Rozina. Baada ya vita, kisiwa kilikuwa na watu wengi na kazi chache, na maelfu yao walipanda meli kwenda Australia, Rozina akiwa mmoja wao. Baba yao, mkata mawe, alikasirika. Nyumba yao ilikuwa juu ya bandari, mtu akisimama mlangoni aliziona meli zote. Siku ya safari, ukoo mzima ulishuka na sanduku la Rozina, lakini baba alibaki mezani, akasema ana kazi. Meli ilipopiga honi, aliinuka akakimbia kuteremka ngazi bila viatu. Alipofika chini, meli ilikuwa imeshatoka, na vitambaa vilivyokuwa vikipungwa havikujulikana tena kipi ni cha nani. Rozina aliishi vizuri kule, akaolewa, akazaa, na aliporudi kutembea mara ya kwanza, baba alikuwa kaburini.

"Anasema hakuna siku baba yake alijuta kwamba Rozina alienda," Ndinda alifasiri, na sasa sauti yake ilikuwa inakatika. "Alijuta kwamba hakushuka."

Kathini alikuwa ameziba kinywa kwa leso. Muema alimtazama yule bibi, kisha akamtazama mtoto wake, na machozi yalimtoka hadharani, akiwa ndani ya koti lake la mzee wa kanisa.

"Mwambie huyo mama," akasema, "mimi nitashuka bandarini."

Ndinda, akilia na kucheka kwa pamoja, alimwambia kwamba ni uwanja wa ndege, Baba, si bandari. Muema akasema anajua. Akamwambia afungue viganja, akamtemea mate ya baraka kwa desturi ya Kikamba, kiganja kimoja kisha kingine, akamtajia kwa Kikamba majina ya wazee wote aliowakumbuka. Karmena alitazama mpaka mwisho kutoka ng'ambo ya bahari, na Marlene alipotaka kuuliza ni nini kinaendelea, bibi yake alimwambia anyamaze.